Mheshimiwa Alipotoka Ukumbini

Carrow Falls, Maine
9 Novemba 2003

Kwa Mheshimiwa Reynald Theriault,
Rais wa Muungano wa Misitu na Viwanda, Augusta

Rey,

Cheo chako nimekiandika chote juu ya bahasha, ili wale wasichana wako wa ofisini wasije wakaitupa hii pamoja na matangazo ya mazulia. Simu nimepiga mpaka nimechoka. Kila nikipiga naambiwa uko kikaoni. Sijui siku hizi unakula saa ngapi.

Barua imetufikia sisi sote wenye kambi za mbao Ziwa Tamarack. Kampuni ya Penhallow imeuza msitu wote pamoja na ukingo wa ziwa, na hao walionunua hawataki wapangaji. Mwisho wa Machi kila kambi iwe imeondolewa, la sivyo watazilaza kwa tingatinga. Ya Baba imo. Ardhi haikuwa yetu hata siku moja, hilo nalijua, lakini kila msumari aliupiga yeye baada ya zamu yake kiwandani, mimi nikimshikia tochi na wewe ukilia kwa sababu ya mbu.

Walionunua ni wanachama wa Muungano wako, tena nasikia ndio wakubwa kuliko wote. Nakuomba kitu kimoja tu. Nenda ukawaambie watuuzie viwanja tulivyojengea, wabaki na msitu wao wote uliosalia. Wewe wanakusikiliza. Mimi sijui hata wanakaa mji gani.

Sitakudanganya kwamba nimekusamehe ya mwaka tisini na tisa. Muswada ulikuwa wako. Uliuandika kwa mkono wako ukiwa seneta: mwenye ardhi akitaka kuuza, wapangaji waulizwe kwanza. Watu wa ziwani walijaza mabasi wakaja Augusta kukushangilia. Jina lako likaitwa, kiti kitupu. Kura zikalingana, na kura zikilingana muswada umekufa. Mimi nilikuwa juu kwenye viti vya wageni, na kupitia mlango nilikuona umesimama koridoni, unakunywa maji kwa kikombe cha karatasi.

Haya, maji yale ulishayanywa. Sasa nisaidie.

Dada yako,
Jeannine


Augusta
24 Novemba 2003

Mpendwa Bi Boucher,

Asante kwa barua yako ya tarehe 9 Novemba. Muungano wetu unathamini maoni ya kila mdau.

Kama unavyofahamu, katika miaka yangu kumi ya useneta nilijulikana kwa kusikiliza pande zote mbili, na mwenendo huo ndio niliouleta katika uongozi wa biashara. Suala la viwanja vya kukodi linagusa haki za wapangaji na haki za wamiliki kwa uzito sawa. Tunaamini suluhisho la kudumu hupatikana katikati.

Tafadhali usisite kuwasiliana nasi tena.

Wako mwaminifu,
Reynald O. Theriault
Rais
(kwa niaba yake, B.K.)


Carrow Falls
28 Novemba 2003

Rey,

Msalimie B.K. Mwambie anaandika vizuri, barua yake nimeibandika kwenye friji na kila anayekuja kunywa kahawa namsomea. Kumbe mimi ni mdau. Nilikuogesha kwenye beseni la kufulia ukiwa huwezi hata kusema jina lako, nikakubeba mgongoni kwenda kwa daktari wakati wa surua, na leo nimekuwa mdau.

Hiyo katikati yako ninaijua. Magazeti yalikusifu miaka yote kwa hiyo. Theriault mtu wa wastani, Theriault anaongea na kila mtu. Mimi nilikuwa nakata zile habari na kumpelekea Mama hospitalini. Siku hizi naona tofauti. Panya naye huuma huku anapuliza, aliyelala asijue kama anatafunwa. Na njia mbili zilimshinda fisi, Rey, sembuse wewe mwenye miguu mibovu.

Sasa nisikilize. Mbunge kijana wa upande wa mashariki ameupeleka tena muswada kama ule wako, na ameomba upite kabla ya Machi. Kamati itasikiliza wananchi Februari. Watu wa ziwani wamenichagua mimi niwe mwenyekiti wao na nitazungumza siku hiyo. Nimeambiwa Muungano utapinga, na atakayekuja kupinga ni rais wake mwenyewe.

Niambie kwamba ni uongo.

Jeannine


Augusta
3 Desemba 2003

Jeannine,

Hii naandika mwenyewe, kwa mkono, na B.K. hajaiona. Utaridhika?

Si uongo. Nitapinga. Ndiyo kazi yangu, na sikuiiba. Nilishindwa kura za chama kwa sababu nilikuwa wa wastani kupita kiasi kwa wenzangu, na hao wenzangu mliwapigia kura nyinyi nyinyi wa Carrow Falls. Mlinitupa nje, watu wa biashara wakaniokota. Leo unanishangaa kwamba ninakula kwenye meza yao.

Lakini habari ya kikombe cha maji umeibeba miaka mingi, umewasimulia watu wote jikoni kwako, na sasa utanisikiliza na mimi. Bunge la jimbo lina desturi ambayo watu wa viti vya juu hamuijui. Mjumbe akiugua, humwomba mpinzani wake wafungane. Mmoja angepiga ndiyo, mwingine hapana, basi wote wawili hawapigi, na hakuna anayepata faida kwa ugonjwa wa mwenzake. Haiandikwi popote. Mnapeana mikono, basi. Atakayeivunja hatapewa mkono na mtu tena mpaka anaingia kaburini.

Wiki ile Seneta Mildred Haskell alikuwa amevunjika nyonga. Yeye alikuwa anapinga muswada wangu kwa moyo wote, unamjua. Aliniomba tufungane nikampa mkono wangu pale pale kitandani kwake, nikidhani kura tunazo za kutosha. Asubuhi ya kura watu wawili wakageuka. Ungetaka nifanye nini? Nimvunjie ahadi bibi aliyelala na vyuma mguuni? Nilitoka nje kwa sababu nisingeweza kukaa nikatazama. Nilikunywa maji kwa sababu koo lilikuwa limekauka.

Sikukwambia kwa sababu hukuwahi kuniuliza. Ulinihukumu ukashuka ngazi, ukapanda basi.

Reynald


Carrow Falls
20 Desemba 2003

Rey,

Nimeichelewesha barua hii kwa sababu sijazoea kuandika ya namna hii.

Sikujua habari ya kufungana. Kama ni hivyo, nimekukosea, na nimekukosea mbele ya watu wengi. Baba angekupa mkono kwa hilo. Yeye alikuwa wa aina hiyo, akishasema amesema.

Nimekutumia mkate wa nyama wa Krismasi, umefungwa kwenye taulo ndani ya boksi. Upashe moto taratibu, usiuharakishe kama unavyoharakisha kila kitu. Bado sipendi kwamba utapinga. Ila nitakuchukia kwa hilo tu, la zamani nalifuta.

Dada yako,
Jeannine


Carrow Falls
21 Desemba 2003

Kwa Bi Mildred Haskell, shambani, mwisho wa Ziwa Tamarack

Bi Haskell,

Mimi ni Jeannine Boucher, dada yake Reynald Theriault. Tunapishana dukani na hatusalimiani, kwa hiyo utashangaa kuona jina langu.

Kaka yangu amenieleza kwamba siku ile ya kura alikuwa amefungana nawe ulipokuwa hospitalini. Mimi nilidhani mmekula njama. Yule samaki uliyeletewa na posta kiangazi kile, asiye na jina la mtumaji, ni mimi niliyemtuma. Nilimchagua aliyekuwa amekaa juani siku kadhaa. Naomba radhi kwa samaki, na kwa kukunyima salamu wakati wewe ulikuwa umelala kitandani na huna kosa lolote.

Natumaini nyonga haikusumbui kwenye baridi hii.

Jeannine Boucher


Augusta
12 Januari 2004

Dada yangu Jeannine,

Mkate tuliumaliza siku ya kwanza. Mke wangu anaomba usiniletee mwingine mpaka kiangazi, suruali hazinienei.

Barua yako imenipa nguvu ya kufanya ulichoniomba Novemba, na nimekifanya. Nimekaa na wenye ardhi. Kuuza viwanja vyote hawatakubali, tusipoteze muda. Ila kwa heshima yangu wako tayari kutuuzia kimoja, chetu. Karatasi iko tayari. Kambi ya Baba itabaki pale pale ilipo, na safari hii ardhi itakuwa yetu, jambo ambalo yeye hakulipata maisha yake yote.

Wanaomba kitu kidogo. Siku ya kamati, mwenyekiti wa wenye kambi asiwepo. Huna haja ya kusema uongo wala kujiuzulu. Februari barabara zina barafu, watu wanaugua mafua. Wenzako watasema yao bila wewe na muswada utakwenda utakakokwenda, kwa sababu nakuambia kwa siri kwamba kura za kuupitisha hazipo hata ukija na malaika.

Fikiria. Ukija, unapoteza kambi na hao wengine nao wanapoteza. Usipokuja, moja inapona. Hii ndiyo katikati unayoicheka. Ndiyo niliyoishi nayo, na ndiyo iliyowaletea nyinyi daraja jipya na paa la shule.

Rey


Carrow Falls
19 Januari 2004

Rey,

Jana nilikwenda ziwani kwa viatu vya theluji nikawasha jiko la kambi, nikakaa mpaka chai ikapoa. Nilijaribu kupafikiria pakiwa patupu. Nikashindwa, nikalia kama mtoto.

Akina Levesque wana kambi jirani, na mzee wao ana pumu, kule ndiko anakopumua. Nitamwambia nini? Nimeliuliza hilo swali usiku na mchana, na bado naitaka ile karatasi. Nakuandikia hivyo ilivyo.

Nitasema nina mafua.

J.


Shambani, mwisho wa Ziwa Tamarack
30 Januari 2004

Bi Boucher,

Samaki alifika. Paka alimla, hakulalamika. Radhi haihitajiki kwa upande wa paka.

Nimechelewa kujibu kwa sababu mkono wangu unatetemeka, na kwa sababu nilikuwa natafakari kama ni kazi yangu kukuambia hili. Mimi nina miaka themanini na minane. Nikisubiri jibu la swali hilo nitakufa nalo.

Ni kweli kaka yako na mimi tulifungana. Aliniahidi kitandani, na nilimshukuru. Lakini asubuhi ya kura karani mmoja alinipigia simu hospitalini akaniambia mambo yamebana, yatalingana. Mimi niliupinga muswada ule na leo ningeupinga tena. Ardhi ni ya mwenye ardhi, na serikali isimwambie amuuzie nani. Hata hivyo sikutaka kushinda kwa sababu ya nyonga yangu. Isitoshe, kwa desturi yetu mtu hafungwi kwenye muswada wake mwenyewe. Ni sawa na kumzuia mtu kwenye mazishi ya babake. Nilikuwa nimemwomba kitu nisichostahili kumwomba, na nilijua.

Kwa hiyo nilimpigia. Walimtoa ukumbini aje kwenye simu. Nikamwambia, "Rey, nimekufungua. Rudi kapige kura yako, tutakutana kwenye muswada mwingine." Akasema, "Asante, Mildred. Ugua pole." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetulia.

Jioni nikasikia kwamba hakupiga. Nilidhani alichelewa kurudi. Miaka imepita nikidhani hivyo, kwa sababu nilipenda kumdhania mema. Barua yako imenifanya nihesabu upya. Simu ile iko hatua chache tu kutoka mlango wa ukumbi.

Nyonga inauma. Asante kwa kuuliza.

Mildred Haskell


Carrow Falls
4 Februari 2004

Rey,

Nimepona mafua.

Mildred Haskell ameniandikia. Alikufungua. Alikupigia simu yeye mwenyewe, na vyuma mguuni, akakwambia rudi kapige kura yako, na wewe ukamwambia ugua pole.

Nilikuomba radhi. Nilikupikia. Nilikuwa tayari kumsaliti mzee Levesque na kifua chake kwa ajili yako, na hilo nalibeba mwenyewe, sikutupii. Ila niambie kabla hatujaonana Augusta. Kwa nini?

Jeannine


Augusta
6 Februari 2004

Jeannine,

Unataka kwa nini. Chukua basi, na usije ukasema sikukujibu.

Nilipoweka ile simu nilirudi nikashika kitasa cha mlango. Upande wa pili wa mlango kulikuwa na watu wenu wa mabasi, watapiga makofi dakika mbili na kesho yake watasahau jina langu. Na kulikuwa na watu wa viwanda, ambao hawasahau. Daraja lenu lilikuwa bado halijapitishwa. Paa la shule lilikuwa bado. Vyote vilihitaji mtu ambaye kila upande ungepokea simu yake. Kura moja ingenifanya shujaa wa kambi arobaini na kunifungia kila mlango uliobaki. Nikaona nina sababu ya heshima mkononi, ile ya kufungana, na hakuna ajuaye kwamba imekwisha. Nikaitumia. Nilikunywa maji, ndiyo. Yalikuwa ya baridi.

Daraja unalipita kila siku kwenda dukani. Sijawahi kukuona ukizunguka kwa njia ya zamani kwa sababu ya dhambi zangu.

Nyinyi mnaopiga kelele mna raha sana. Hamna kura, kwa hiyo mikono yenu haichafuki. Baba naye alikuwa hivyo hivyo, mtu wa msimamo, na msimamo wake ulimpa nini? Kambi juu ya ardhi ya watu.

Usije Augusta. Karatasi bado ipo mezani kwangu mpaka asubuhi ya kamati. Ukiingia ule ukumbi, naichana.

Reynald


Augusta
13 Februari 2004

Jeannine,

Umefurahi?

Kamera zote mbili za televisheni zilikuwepo. Ungeweza kuzungumzia mbu, na samaki, na pumu ya mzee Levesque, watu wangelia na mimi ningekaa kimya. Lakini hapana. Ukageuka na kunielekea mimi, ukiwa umevaa koti la Mama, ukaniuliza mbele ya kamati nzima, "Rey, siku ile ulikwenda wapi?" Ukaniita Rey. Kwenye rekodi.

Na mimi mjinga nikajibu nilivyozoea kujibu, kwamba nilikuwa nimefungana na mwenzangu mgonjwa. Sikujua kwamba umemleta. Bibi wa miaka themanini na minane, barabara zina barafu, umemtoa shambani kwake na fimbo yake ya kutembelea ili asimame nyuma ya ukumbi aseme, "Si kweli, Theriault, na unajua." Amekaa upande wa wenye ardhi miaka thelathini na hajawahi kukubaliana na maskini yeyote, ila juzi mlimpigia makofi kama malkia. Wenyeviti wa vyama walikuwa wamekwisha kuniuliza kama nitagombea ugavana. Tangu juzi hakuna aliyepiga simu.

Kwa yote hayo umepata nini? Kamati imeukataa muswada, kama nilivyokuambia. Karatasi nimeichana. Tarehe ya Machi iko pale pale. Uliweza kuiokoa nyumba ya Baba kwa kukaa kitandani siku moja, ukachagua kunivua nguo hadharani. Nakumbuka ulivyokuwa ukinifanyia hivyo shuleni. Hukubadilika.

Usiniandikie.

R. Theriault


Shambani, mwisho wa Ziwa Tamarack
22 Februari 2004

Bi Boucher,

Nasikia unalia dukani. Acha.

Kona ya kaskazini ya malisho yangu inashuka mpaka majini. Ni kavu, ina mierebi, na ng'ombe hawaitaki. Leta kambi yako uiweke hapo. Ukodishaji ni samaki mmoja kwa mwaka, mbichi safari hii.

Watu watakuambia nimebadilika. Sijabadilika. Nilisema ardhi ni ya mwenyewe na atafanya nayo apendavyo. Hii ni yangu na ndivyo nipendavyo.

Barafu ya ziwani bado inabeba uzito. Zamani tulikuwa tukivuta maghala mazima juu yake. Usingoje jua la Machi likomae.

M. Haskell


Augusta
3 Machi 2004

Jeannine,

Nilisema usiniandikie, sasa naandika mimi, kwa sababu nimesoma gazetini kwamba wewe na shemeji yako Roland mnakusudia kuikokota kambi juu ya ziwa kwa trekta lake la magogo, na kwamba mpiga picha amealikwa. "Familia yafukuzwa, yavuka barafu." Nimekiona kichwa cha habari hata kabla hakijaandikwa, na najua ni picha ya nani watakayoweka pembeni.

Sikubali. Baba alituachia sisi wawili, nusu kwa nusu, na usia uko kwa wakili wangu, ambaye atakuletea barua yake kesho. Nusu ya kila ubao ni yangu. Kwa maoni yangu ibaki pale ilipo, wenye ardhi waishughulikie kimya kimya bila kamera, na iishe. Ni mbao tu. Tumegombana kutosha juu ya mbao.

Ukitaka kuhamisha chako, nikabidhi changu kwanza. Ukishanikabidhi nusu yangu, hiyo yako ipeleke popote utakapo, hata mwezini. Igawe kama unaweza.

R. Theriault


Ziwa Tamarack
14 Machi 2004

Rey,

Barua ya wakili niliisoma, kisha nikampa Roland aisome, naye akampa mzee Levesque. Tulikaa nayo jikoni mpaka kahawa ikaisha. Hakuna aliyepata kosa ndani yake. Nusu ni yako. Baba aliandika hivyo, na mimi na Baba hatujawahi kubishana.

Roland ndiye aliyesema kwamba kwa barafu ya sasa, ambayo mchana inaanza kutoa maji juu, yeye alikuwa anaogopa uzito wa kambi nzima. Nusu ni nyepesi. Ulipotuambia tuigawe ulitusaidia bila kukusudia.

Jumamosi walikuja watu wote wa ziwani, hata ambao zao wamekwisha kuzibomoa wenyewe. Waliinua kambi kwa jeki, wakaipitishia magogo chini, wakapigilia mihimili ya ndani ili isianguke. Nilipika sufuria mbili za maharagwe kwa jiko la nje. Roland alipima katikati kwa kamba, akaweka chaki, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema kata. Msumeno ulipofika kwenye dari nilikwenda kusimama nyuma ya ghala la kuni, kwa sababu mlio ule sikuweza kuuvumilia na sikutaka mpiga picha anione. Nilikuchukia wakati ule kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Nakuambia ili ujue.

Yako ilitangulia. Tuliivuta moja kwa moja juu ya barafu mpaka kwenye ile rasi yako, ulikojenga nyumba ya kiangazi, tukaipandisha kwenye majani mbele ya madirisha makubwa ya vioo. Mlinzi wako alitaka kupiga simu polisi. Nikamwonyesha barua ya wakili, pale palipoandikwa kwamba ukabidhiwe, akasoma, akatusaidia kuweka magogo. Upande uliokatwa tumeufunika turubai, lakini upepo wa kule kwako ni mkali, sidhani litadumu. Mwambie mke wako kwamba kitanda cha juu bado kina godoro, kama wageni wenu wa Pasaka watazidi.

Yangu iko kwa Bi Haskell. Alikuwa amekaa kwenye kiti mlimani, amejifunika blanketi la farasi, anatuelekeza kwa fimbo na kutukosoa wote. Jiko limekuja upande wangu, na dirisha la Mama.

Mlango umebaki upande wako. Hatukupanga, mstari wa chaki ndio uliopita hivyo. Levesque alitaka tuung'oe tuulete kwangu, nikasema mwacheni nao, huyu ni mtu wa kutoka. Mimi Roland ananikatia mwingine leo mchana.

Jeannine